Daktari Msimamizi

Kliniki ya wanyama ya Bwana Junaid iko Satwa, Dubai, imebanwa kati ya fundi cherehani na gereji ya matairi, na mteja akifungua mlango tu, paka wake husikia vishindo vya gereji akaanza kukwaruza kabla daktari hajamgusa. Ukutani, juu ya mizani, zimetundikwa fremu mbili. Moja ni leseni ya biashara, yenye jina la Bwana Junaid. Ya pili ni leseni ya daktari msimamizi, yenye jina na picha ya Amne Mohdhar, binti wa Kibokoni, Mombasa, amekaza uso kama mtu aliyeambiwa asithubutu kucheka. Wateja huitazama picha, kisha humtazama mwenyewe, wakatulia. Amne naye alikuwa amefika mahali ambapo akipita pale huinamisha macho.

Leseni hiyo ilikuwa inaisha Jumatatu.

Mtu asiyeijua Dubai angesema, si aihuishe tu? Na kweli kuihuisha halikuwa jambo gumu. Cheti cha mwenendo mwema kutoka bodi ya madaktari Nairobi alikuwa nacho, kimemtoa jasho kukipata, lakini alikuwa nacho. Shida ni kwamba leseni ya daktari haikai mfukoni mwa daktari. Imefungwa kwenye kliniki, na kliniki ni ya Bwana Junaid, na ombi la kuihuisha hutoka kwenye kompyuta ya Bwana Junaid. Juu ya hilo, Amne alikuwa daktari msimamizi, yaani yule ambaye kliniki haiwezi kufungua mlango bila jina lake. Msimamizi hatoki mpaka apatikane wa kuingia. Akihuisha, amejifunga tena. Akiiacha ife bila mwingine kushika nafasi, kliniki inafungwa, na yeye anarudi mwanzo: mtihani, vyeti, mihuri ya ubalozi, kama mtu ambaye hajawahi kushika hata bomba la sindano.

Na huku alikuwa na pa kwenda. Kulikuwa na hospitali ya ngamia kwenye barabara ya Al Ain, ambako alikwenda siku moja ya mapumziko wakamwacha amhudumie ndama aliyegoma kunyonya. Ngamia ndio waliomfanya Amne asome udaktari. Mafunzo yake aliyafanyia Isiolo na Wajir, mikono hadi viwiko ndani ya wanyama wanaomzidi kimo, akirudi kambini ananuka na anacheka. Satwa alikuwa anakata kucha za paka wa watu wenye nafasi. Si kwamba aliwadharau paka, maskini, paka hawana kosa. Lakini mtu hasomi miaka yote ile ili aitwe na mwanamke kutoka ghorofa ya thelathini eti paka wake amenuna. Daktari mkuu wa hospitali ya ngamia alimwambia waziwazi kuwa nafasi ni yake, ila alete leseni iliyohamishwa kabla mwezi haujaisha. Na mwezi ulikuwa umebakisha siku za kuhesabika kwa vidole.

Sasa Bwana Junaid. Ingekuwa rahisi kusema alikuwa mtu mbaya, na mimi ningemaliza hadithi hii mapema tukaenda zetu. Hakuwa mbaya. Alizaliwa Unguja, familia yake ikahamia Ghuba akiwa mtoto wa kubebwa, na mpaka leo Kiunguja chake kimenyooka kuliko cha wengi waliobaki. Baba yake Amne alikuwa anajuana na ukoo wao kupitia ndoa ya mtu fulani na mtu fulani, undugu ule ambao ukiufuatilia sana unapotea, lakini ukiukubali tu unakaa. Amne alipokuja, Bwana Junaid na mkewe Bi Ghada walimpokea uwanja wa ndege na thermos ya chai ya zaatari. Wakampeleka nyumbani kwao Rashidiya, wakamlaza chumba cha binti yao aliyeolewa. Kuanzia siku hiyo yeye akawa mwanangu, na wao wakawa ami na mama. Wenzake walikuwa na arbab, bosi wa kuwanunia. Yeye alikuwa na ami, akajiona ameukata.

Kila Ijumaa, baada ya swala, chakula kilikuwa Rashidiya. Sinia moja, wali wa kuchambuka, nyama ya mbuzi juu, na watu kulizunguka. Na hapo ndipo Bwana Junaid alipokuwa na namna yake. Mambo yake yote ya maana huyaleta juu ya sinia. Haanzi kabla, wala hangoji watu wanawe. Hungoja mkono wako uwe ndani ya wali wake, ndipo husema, kwa sauti ya kuomba chumvi, kwamba kuna kitu kidogo mwanangu. Mtoto aliyelelewa pwani, mkono wake ukiwa ndani ya sinia la mzee, mdomo wake hauna hapana. Haijaandikwa popote. Inajulikana tu, kama inavyojulikana kwamba huvuki mbele ya mtu anayeswali.

Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa ile, mwaka juzi, daktari msimamizi wa kwanza, Mmisri mmoja, alipopata kazi Kanada akaondoka. Bi Ghada alikuwa anamsogezea Amne vipande vya nyama. Bwana Junaid akasema kuna kitu kidogo. Ni jina tu, la kuweka ukutani, mpaka apatikane mwingine. Amne alikuwa na swali. Alilimeza pamoja na wali, akasema inshallah, ami, neno ambalo kwao Kibokoni huacha mlango wazi kidogo. Bwana Junaid alilichukua kama ndiyo. Simu ya Amne ikalia pale pale, ombi limeingia, anatakiwa akubali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa samli, kwa hiyo akabonyeza kwa dole gumba la kushoto. Katika nyumba ile, kumpa mtu hata gilasi ya maji kwa kushoto ni utovu wa adabu. Siku hiyo hakuna aliyemkemea.

Mwingine hakupatikana, kwa sababu hakutafutwa. Na kwa nini atafutwe?

Msidhani Amne alikaa kimya. Kwanza alifanya kama alivyofundishwa, akapitisha ujumbe kwa Bi Ghada, kwa mafumbo, kwamba moyo wake hautulii. Bi Ghada akamwambia mumewe mtoto anakumbuka kwao, na Bwana Junaid, kwa ukarimu uliomtia Amne aibu, akamkatia tiketi ya Mombasa, kwenda na kurudi. Kule Mombasa akamweleza baba yake. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Junaid amemtunza binti yake kama wake wa kumzaa, basi asimtie aibu. Aliporudi, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya leseni. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, akamweleza mara mbili kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiarabu: mlete atakayekurithi, madam, tutakutoa siku hiyo hiyo. Amne alitoka pale akakaa kituo cha basi, mabasi yakapita, naye hakumbuki alikuwa anangoja namba ngapi.

Hapo ndipo akaingia Desire.

Desire alikuwa mwanamke wa Mbarara, mrefu, mwenye kicheko cha wazi, daktari wa wanyama kwa shahada. Lakini Dubai ilikuwa imempokea kama askari wa ulinzi kwenye maghala ya Jebel Ali. Alisomea mtihani wa leseni ndani ya kibanda cha getini, kitabu juu ya daftari la wageni, akaufaulu. Tatizo likaja kwamba leseni haitolewi kwa mtu asiye na kliniki, na kliniki zote alizobisha zilimwambia zitampigia. Alifika Satwa akiwa bado na viatu vya ulinzi, akauliza kama kuna nafasi. Matokeo yake ya mtihani nayo yalikuwa karibu kupitwa na wakati.

Amne alimtazama, akaona mlango.

Nasema kweli, hakufikiri kwanza. Roho yake ilishamshika yule mwanamke mkono kabla akili haijaamka. Alimkalisha, akamwagizia chai ya karaki na sambusa kwenye mkahawa wa Mmalabari wa pembeni, akamwonyesha chumba cha upasuaji, akamwazima koti jeupe ajaribu. Akaanza kumwita mdogo wangu. Jioni hiyo akampigia Bwana Junaid, akasema amepata daktari mzuri, Mganda, mwenye leseni ya kungoja kliniki tu, anafaa kabisa kuwa msimamizi. Bwana Junaid akasema kama ni mtu wako, mwanangu, basi mimi sina neno, mlete Ijumaa. Amne akalala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu mwaka juzi, na akaota ngamia.

Ijumaa walikwenda pamoja kwa metro. Desire alikuwa amevaa gauni la kitenge, amebeba keki kwenye kisanduku, maana kwao mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Alikuwa anauliza maswali kama mtoto wa darasa la kwanza. Karibu na Rashidiya akauliza huyo daktari msimamizi hasa anafanya nini.

“Ni jina tu, mdogo wangu,” Amne akasema. “La kuweka ukutani.”

Akalisikia likitoka. Lilitoka na sauti ile ile ya kuomba chumvi. Amne aligeukia dirisha, akaona haya ya kweli. Akajiambia kwamba Desire anahitaji kliniki, kwamba anayezama hachagui boti, kwamba huyu hana mume wala mtoto wa kumvuta kwingine. Alijitetea vizuri sana. Hata wakili angemlipa amfundishe.

Bi Ghada aliwapokea kwa ubani na mabusu. Sinia likaletwa, Bwana Junaid akaketi, kanzu nyeupe pee, ndevu zimechanwa, akawakaribisha kwa bismillahi. Amne akanawa, akakaa mahali pake pa siku zote. Desire alikunja miguu kwa shida, akalitazama sinia, akatabasamu kwa Bi Ghada.

“Mama, samahani, naweza kupata sahani na kijiko? Mimi kwa mkono nitamwaga yote.”

Bi Ghada alicheka mpaka akajifuta machozi, akamletea. Kwa hiyo Desire akala kwenye sahani yake mwenyewe, pembeni kidogo ya sinia, kama mtu aliyekodi meza. Alikula vizuri, akasifu, akaongeza. Bwana Junaid alimsimulia habari za Unguja ambayo yeye mwenyewe haikumbuki, akamwita binti, akamuuliza wazazi wake. Kisha alipoona Amne ametia mkono kwenye wali kwa mara ya tatu na mgeni naye amekolea, akasema kwamba kuna kitu kidogo.

Akakieleza. Jina tu. Mwenzako Amne anataka kupumzika, na kliniki yetu ni kama nyumba, nawe umeshakuwa wa nyumba hii. Akaitoa simu yake mfukoni, akaiweka kwenye mkeka. Ombi liko tayari, akasema, likija kwako ni kubonyeza tu.

Desire alimaliza kutafuna. Aliweka kijiko chini.

“Sir, mimi niko na swali moja. Siku nikitaka kuondoka, inakuwa aje?”

Bwana Junaid akacheka kwa upole. Akasema mtu anaondokaje nyumbani kwao?

Desire naye akacheka, lakini hakuliacha swali lake. Alikuwa mtu aliyekaa getini mwaka mzima akiuliza kila dereva anatoka na nini. Akamgeukia Amne, na uso wake haukuwa na hila hata kidogo.

“Dada, wewe ulijaribu kuondoka?”

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Bi Ghada alikuwa ameshika kipande cha nyama hewani, anangoja kukisogeza mahali fulani. Amne alijua kwamba neno alilokuwa analitaka lilikuwa fupi sana. Sijajaribu. Au hata asiseme chochote, acheke tu, amwambie ale mdogo wangu chakula kinapoa. Jumatatu angekuwa kwenye barabara ya Al Ain, na huyu msichana mwenye kijiko angebaki Satwa chini ya fremu, picha yake imekaza uso. Aliliona jambo lote kwa mara moja, kama unavyoona shimo ukiwa umeshainua mguu.

“Nimejaribu tangu mwaka juzi,” akasema. “Sijaweza.”

Hakumtazama Bwana Junaid. Aliutazama mkono wake uliokuwa ndani ya wali, akauona kama mkono wa mtu mwingine.

Desire alikaa akilipima lile jibu, wala halikumchukua muda. Akamshukuru Bwana Junaid, akamshukuru zaidi Bi Ghada, akasema chakula kama hiki hajala tangu atoke kwa mama yake, lakini kazi ataitafuta pengine. Alisema bila hasira, kama mtu anayerudisha kiatu dukani kwa sababu kinambana. Kisha akainuka na sahani yake, akaipeleka jikoni mwenyewe, akaiosha, jambo ambalo mgeni hafanyi katika nyumba ile. Hakuna aliyejua amzuie vipi. Akarudi, akachukua mkoba, akasimama mlangoni anavaa viatu.

“Dada, twende?”

Aliuliza kama kitu rahisi. Kwake kilikuwa rahisi. Mlango ulikuwa wazi, nje kulikuwa na jua na teksi. Amne aliona kwamba mtu anaweza kuinuka katika mkeka ule akaenda zake na mbingu zisianguke. Alijua tangu zamani kwamba inawezekana, kwa watu wengine. Miguu yake ilikuwa imekunjwa vilevile. Hakuna kiungo chake kilichojaribu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

“Tangulia,” akasema. “Sijanawa.”

Desire akaitikia kwa kichwa. Mlango ukafungwa taratibu, kwa heshima. Keki ilikuwa bado kwenye kisanduku chake juu ya kabati.

Bwana Junaid hakufoka. Angefoka, pengine Amne angepata pa kusimama. Alijifuta vidole kimoja kimoja, na alipozungumza sauti ilikuwa imelegea, na macho yalikuwa na maji ya kweli.

“Tangu mwaka juzi, mwanangu? Na mimi natembea na wewe mbele za watu, nasema huyu ni wangu.”

Amne akasema samahani, ami. Alimaanisha, na alijichukia kwa kumaanisha. Bi Ghada akasema hapana, hapana, khalas, shetani huyo, mtoto kachoka tu, na akamsogezea kile kipande cha nyama alichokuwa amekishika muda wote ule. Mwishowe Bwana Junaid akachukua simu, akatafuta kitu kwa miwani iliyoshuka puani. Akasema yeye hamlazimishi mtu. Jumatatu inakuja. Akitaka leseni ife, aiache ife, watafunga kliniki wote pamoja, na huko Mombasa Amne mwenyewe ndiye atakayemweleza baba yake. Akitaka ihuike, basi. Wamebaki wao kwa wao, akasema, hakuna mgeni tena hapa.

Simu ya Amne ikalia kwenye mkeka. Ombi lilikuwa na jina lake kamili, la kliniki, na chini yake cheo chake, daktari msimamizi. Alifikiria ndama aliyegoma kunyonya, jinsi alivyomfungua taya kwa vidole viwili, na jinsi ulimi ule mkavu ulivyoshika kidole chake na kuanza kuvuta. Samli ilikuwa imeanza kuganda kwenye mkono wake wa kulia.

Akabonyeza kwa kushoto.

Jibu lilikuja upesi, maana mambo ya Dubai ni ya upesi. Hongera, daktari, ikasema, leseni yako imehuishwa. Bwana Junaid akaisoma kwa sauti, akasema alhamdulillah, akamshika kichwa kama anavyombariki binti yake. Bi Ghada alikuwa ameshapiga simu Mombasa, na baba yake Amne anaulizwa kwenye spika kama amesikia habari njema. Kisha Bi Ghada akatia mkono mdomoni, akapiga vigelegele vitatu virefu, vya harusi, vikajaa sebule nzima mpaka vikapotea kwenye dari.

Kisha wote wawili wakamtazama, wanangoja. Amne akausogeza mkono wa kulia kwenye wali, akala.